Mche Mama: Taa, Kivuli na Mihogo ya Pwani

Neno mbegu lina ujanja wake. Mbegu ya mahindi ni punje, mbegu ya boga ni kokwa, lakini mtu wa Kisarawe akikwambia anatafuta mbegu ya mihogo, anatafuta mti. Anataka shina lililokomaa, alikate pingili za shubiri moja hivi, azichomeke ardhini. Muhogo huzaa mbegu za kweli pia, zile ndogo za madoadoa zinazopasuka juani, ila mkulima hana kazi nazo. Akizipanda atapata mihogo isiyofanana na mama yake wala na nduguze.

Pingili ni habari nyingine. Ukichomeka pingili, unachopanda ni muhogo uleule kwa mara nyingine. Kumwita mtoto wa yule wa kwanza si sawa. Wataalamu huita kloni. Ule mti unaokatwa wanauita mche mama, na kwa kweli jina hilo linapotosha kidogo, maana mama huyu hazai, anajirudia. Anaweza kuishi miaka mia akihamia shamba hadi shamba, ilimradi kila msimu awepo mtu wa kumkata na kumchomeka. Msimu mmoja akikosekana mtu huyo, basi, mama amekwisha.

Mimi naishi Kibaha, na upande wa baba ni watu wa Kisarawe. Ni wilaya mbili za mkoa mmoja wa Pwani, lakini habari ya kumtunza mche mama nimeisikia kwa namna mbili tofauti kabisa. Kibaha kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na huko mama anazungumzwa kwa lugha ya maabara na usafi. Kisarawe mama anaegeshwa chini ya mwembe. Nimejaribu kufuatilia historia ya namna hizi mbili, na safari yenyewe imenipitisha mahali ambapo sikutegemea. Nianze na taa.

Mnamo mwaka 1912 kijana mmoja Mfaransa, Julien Tournois, alikuwa akichunguza mimea miwili jijini Paris: mhopi wa Kijapani na bangi. Aliona kwamba ikipandwa wakati wa baridi, ndani ya nyumba ya kioo, ilitoa maua ikiwa bado midogo sana. Joto lilikuwepo na maji yalikuwepo. Kilichopungua ni mchana. Alifikia hitimisho kwamba mmea unahesabu urefu wa usiku na mchana, kisha vita vikaja na akauawa katika Vita Kuu ya Kwanza kabla ya kuendelea. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walitangaza ugunduzi huohuo kutokana na tumbaku iliyokuwa imegoma kutoa maua. Waliifungia gizani kila siku kwa saa kadhaa, ikatoa. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaongeza jambo la kushangaza zaidi: mmea wa aina hii husikiliza usiku. Ukiwasha taa kwa dakika chache tu katikati ya usiku mrefu, hesabu yake inavurugika na maua hayaji.

Kutokana na hapo mche mama wa ndani ya nyumba ukawezekana. Wakulima wa bangi katika nchi ambazo sheria imeruhusu, kama Kanada tangu 2018, humweka mama chini ya taa kwa saa 18 hivi kwa siku. Kwa hesabu zake yeye, kiangazi hakijaisha, kwa hiyo hatoi maua. Anaendelea kutoa matawi tu, na matawi ndiyo yanayokatwa kuwa miche. Siku taa zikirudi saa 12, anaanza kuchanua, na kazi yake ya umama inakwisha.

Kwetu bangi ni marufuku, sheria ya 2015 haina utani, na sina nia ya kumfundisha mtu kuilima. Ninachokitaka hapo ni kanuni yenyewe, kwa sababu inatueleza mahali tulipo. Kibaha iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mchana wetu mfupi kabisa ni kama saa 11 na dakika 45, mrefu kabisa ni kama saa 12 na nusu. Mwaka mzima tofauti haifiki hata saa moja! Mmea unaosubiri usiku mrefu huku kwetu hausubiri, umeshaupata. Mama wa namna ile ya Kanada hapa angehitaji taa kila siku ya maisha yake. Jua letu, pamoja na ukali wake wote, lisingetosha.

Labda unajiuliza haya ya taa yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu kati ya mimea iliyoifanya dunia izoee kulima ndani ya nyumba chini ya taa, mmoja ni wa kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao Ujerumani ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenye miamba jina lao halikuingia. Marekani ua hilo lilipendwa kupita kiasi, na zilipoanza kuuzwa zile taa ndefu za mirija mwishoni mwa miaka ya 1930, watu waligundua kwamba linachanua vizuri chini yake, hata chumba kikiwa hakina dirisha. Linazalishwa kwa jani: unachomeka jani moja kwenye udongo na mama anarudi. Leo lipo madirishani dunia nzima, huku baadhi ya aina zake za porini, katika misitu ya Tanga na Morogoro, zikiwa hatarini kupotea.

Milima hiyohiyo ya Usambara ina Amani, na hapo ndipo muhogo wetu unaingia kwenye hadithi.

Muhogo si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioufikisha Afrika, na ukafika mahali ukawa chakula cha Pwani kana kwamba uliumbwa hapa: wa kuchemsha, wa kukaanga, wa nazi, makopa, ugali wa bada, na kisamvu chake juu. Lakini mche unaojirudia una udhaifu mmoja mkubwa. Mbegu ya punje mara nyingi humwacha nyuma mgonjwa aliyeizaa. Pingili haiachi kitu. Mama akiwa na virusi, kila pingili inaondoka navyo. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika juu ya majani ya mihogo yaliyojikunja na kupauka katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Ndiyo taarifa ya kwanza kuandikwa duniani ya ugonjwa tunaouita batobato.

Wajerumani walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902, Waingereza wakakirithi baada ya vita. Katika miaka ya 1930 alikuwepo pale H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea. Mwaka 1936 alieleza ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao kwa mkulima ni mbaya kuliko batobato kwa sababu ni mnafiki. Batobato unaliona jani. Michirizi ya kahawia inaweza kukuachia shamba la kijani linalopendeza, halafu siku ya kung'oa unakata muhogo na kukuta ndani umekufa, umeoza kikavu, rangi ya kahawia. Umelima mwaka mzima, umevuna kuni.

Storey, na baada yake Nichols na Jennings, walitafuta dawa katika ukoo. Walichukua muhogo wakauchanganya na jamaa yake, mpira, ule mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wa raba. Wengi wetu tunaufahamu kwa jina la jikoni: kisamvu cha mpira. Mpira ulikuwa na ukinzani ila hauna muhogo wa maana chini. Kwa hiyo chotara alirudishwa kuchanganywa na muhogo, tena na tena, ili abaki na ukinzani wa upande mmoja na kiazi cha upande mwingine. Kazi hii ilichukua takribani miaka ishirini. Kila mche ulioonekana kufaa ulipewa namba, na mmoja wao uliitwa 46106/27.

Mwaka 1957 kazi ikafungwa. Kituo kikuu cha utafiti kilikwishahamia Muguga, Kenya, na Amani ikageukia mambo ya malaria. Hapo ndipo mche mama huwa hatarini kabisa, maana karatasi zinaweza kungoja kwenye kabati, lakini mti haungoji.

Amani ilinusurika kwa njia mbili, na ndizo zilizonifanya niandike makala hii.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kitaasisi. Kabla ya kufungwa, mbegu za punje kutoka Amani zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo ulichaguliwa mche ulioitwa 58308, na taasisi ya IITA ya Ibadan ilipoanza kuzalisha mihogo mipya miaka ya 1970, huo ndio uliokuwa chanzo chake cha ukinzani dhidi ya batobato. Miongo miwili baadaye batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda, mojawapo ya aina zilizosaidia ni TMS 30572, mjukuu wa damu ya Amani, aliyerudi Afrika Mashariki kwa kupitia Nigeria.

Njia ya pili haikuandikwa na mtu. Ule mche 46106/27 ulitoka mikononi mwa wataalamu ukaingia mashambani. Nani aliutoa, lini, kwa kumpa shemeji au kwa kuuza sokoni, hakuna daftari. Katika pwani ya Kenya uliitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania ulikuwepo muhogo ulioitwa Namikonga, uliosifika kwa kutooza ndani. Miaka mingi ilipita, na wataalamu walipokuja kupima vinasaba katika miaka ya 2010, walikuta Kaleso na Namikonga ni mche uleule. Kumbe mama wa Amani alikuwa hai muda wote! Hakuwa na taa, wala bajeti, wala namba yake. Alikuwa na majina mawili na watu wa kumkata kila msimu. Leo Namikonga ni mzazi anayetegemewa katika kutafuta mihogo inayostahimili michirizi ya kahawia.

Sasa nirudi kwetu Kibaha. Kituo cha hapa, TARI Kibaha, kilijulikana kwanza kwa miwa, na muwa nao ni mche unaojirudia. Mbegu yake ni kipande cha muwa. Majina ya miwa ni kama nasaba: NCo 376, iliyolimwa sana katika mashamba ya sukari nchini, ina N ya Natal na Co ya Coimbatore, kwa sababu ilichavushwa India ikachaguliwa Afrika Kusini. Na kabla mama wa muwa hajapandwa kwenye kitalu, huogeshwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 kwa saa 2, ili kuua bakteria wa udumavu bila kuua jicho la muwa. Nyuzi zikizidi, umeua mama. Zikipungua, umeupasha moto ugonjwa wake.

Muhogo una bafu lake la namna hiyo. Maabara kama ya TARI Mikocheni, Dar es Salaam, hulea miche ndani ya chupa. Kumsafisha mama mgonjwa, mche hukaa kwanza kwenye joto kali kwa wiki kadhaa, kisha hukatwa ncha ya chipukizi isiyofikia hata nusu milimita, mahali ambapo virusi huwa havijafika. Hiyo chembe inawekwa kwenye jeli yenye chumvi na sukari, katika chumba cha nyuzi 25 hadi 28, chini ya taa zinazowaka saa 16 na kuzimwa saa 8. Huko Palmira, Colombia, karibu aina 6,000 za mihogo zinaishi namna hiyo, kwenye vichupa, zikikuzwa polepole makusudi ili zisihitaji kukatwa mara kwa mara.

Taa hizi hazina kazi ileile ya zile za bangi. Hapa taa ni chakula, inachukua nafasi ya jua ndani ya chumba kilichofungwa. Kuhusu maua, muhogo hata unaenda kinyume: mwaka 2020 wataalamu walichapisha matokeo kwamba ukiuwashia taa nyekundu usiku shambani, aina zenye uvivu wa kuchanua huchanua mapema. Taa ambayo kwa bangi inazuia ua, kwa muhogo inaliita.

Mama wa chupani ni msafi kuliko mama yeyote wa shambani. Udhaifu wake ni kwamba anategemea waya. Umeme ukikosekana kwa muda mrefu, ukungu ukiingia chumbani, mradi ukiisha na fundi akahamishwa, hana mwembe wa kujiegemeza.

Kisarawe yupo mwingine. Baada ya kuvuna, mashina hufungwa mzigo, husimamishwa wima kivulini, vikonyo vikiwa juu na vitako vimefunikwa udongo kidogo, yakingoja mvua. Hapo mwanga ni adui. Jua likipiga shina siku chache, linakauka na macho yake yanakufa. Anayejua hili hakuambiwa na bwana shamba. Na kwenye mzigo ule ule zimo aina tatu, nne, kila moja na jina: ya kula mbichi, ya makopa, ya kukaa ardhini muda mrefu, ya kisamvu.

Udhaifu wa mama huyu ni ugonjwa. Anakaa wazi, inzi weupe wanamfikia, na kila mwaka anazidi kubeba. Wakulima husema mbegu imechoka. Hawakosei. Mti wenyewe haujazeeka, umelemewa na mizigo.

Ndipo linapokuja jambo gumu. Katika wilaya ya jirani, Mkuranga, na kule Chato, ulifanyika mradi ambao matokeo yake yalichapishwa 2017. Jamii nzima ilikubali kung'oa mihogo yake yote ya zamani na kupanda miche safi, kwa sababu ukisafisha shamba moja huku la jirani linaumwa, inzi weupe watakurudishia ugonjwa. Michirizi ya kahawia ilipungua na mavuno yakawa mazuri kuliko kwa wasioshiriki. Nilimsimulia shangazi yangu wa Maneromango. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya.

"Wameng'oa yote?"

"Yote, shangazi."

"Na ile cheupe ya mtu, akiitaka tena mwakani, ataipata wapi?"

Nikamwambia wanapewa aina nyingine, nzuri, zilizopimwa.

"Nzuri sijakataa, mwanangu. Mwaka juzi nimetupa nusu shamba, nimekata ndani kahawia tupu, kwa hiyo usinihadithie michirizi. Nakuuliza cheupe."

Swali lake halijibiwi kwa kusema wakulima wanashikilia mambo ya kale. Yeye yuko tayari kung'oa. Anachouliza ni kama kuna mtu aliyepanga kumrudisha mama yake akiwa amesafishwa. Historia ya Amani iko upande wake kabisa: kama mwaka 1957 wanavijiji wangekuwa wameng'oa kila kitu wakaachia kituo peke yake kazi ya kutunza, na kituo kikafungwa, Namikonga asingekuwepo leo. Lakini historia hiyohiyo inamdai naye pia. Mama aliyebaki kijijini bila kusafishwa wala kuandikwa alijulikana thamani yake kwa kuchelewa miaka zaidi ya hamsini, na muda huo wote watu walikuwa wakivuna kuni.

Msimamo wangu ni huu. Kung'oa kunaweza kuwa lazima. Ila kabla jembe halijashuka, kila aina yenye jina ikatwe vipande vichache, iandikwe jina lake kama linavyotamkwa pale kijijini, na ipelekwe ikaoshwe chupani. Ikishakuwa safi irudi kwa waliokuwa wakiilima, wasiishie kupewa zile aina nne tano zilizoidhinishwa. Maabara peke yake ni Amani ya 1957. Mwembe peke yake ni shamba la shangazi mwaka juzi. Gharama ipo, najua. Mche mmoja wa muhogo shambani hutoa kama pingili kumi tu kwa msimu, na chupa haziji bure. Lakini Kisarawe mashamba yanakatwa viwanja kila mwaka, na mwenye kiwanja hapandi mihogo. Aina zinaondoka bila hata virusi kuzigusa.

Kuandika majina, angalau, hakuhitaji umeme. Mimi nimeanza na ya Maneromango, nimefikia kumi na moja, na kila jina nimeandika lina kazi gani jikoni. Kwenu mihogo inaitwaje?